Uso Juu ya Ngao ya Coburg: Uchambuzi wa Nembo Iliyofutwa na Wanazi Ikarudishwa

Picha iliingia kwenye simu yangu asubuhi ya Jumapili. Kifuniko cha chuma cha shimo la majitaka, kile cha mviringo kinacholala katikati ya barabara, na juu yake kichwa cha mtu mweusi: nywele za kipilipili, midomo iliyovimbishwa. Chini ya picha mpwa wangu alikuwa ameandika: "Shikamoo mjomba. Hapa Coburg wanatukanyaga usoni, au mimi ndiye sielewi?"

Nilimwitikia marahaba, swali nikaliacha. Anasoma Ujerumani, ana umri wa kuambiwa ukweli, na sikutaka kumpa jibu la kumtuliza ambalo baadaye angegundua kuwa nililibuni. Nilitaka kwanza nijue uso ule ni wa nani, nani aliuweka pale, na kama kuna mtu aliyewahi kuuondoa. Hilo la mwisho ndilo lililonikalisha mezani siku nyingi kuliko nilivyopanga, kwa sababu uso ule uliwahi kuondolewa kweli, na waliouondoa walikuwa Wanazi.

Coburg ni mji mdogo wa watu 41,000 hivi, kaskazini kabisa mwa jimbo la Bavaria, jirani na mpaka wa Thuringia. Kwa muda mrefu ulikuwa makao ya watawala wa Sachsen-Coburg und Gotha, ukoo uliomtoa Albert, mume wa Malkia Victoria wa Uingereza. Uliingia Bavaria tarehe 1 Julai 1920, baada ya wakazi wake kupiga kura mwaka uliotangulia. Juu ya kilima kuna ngome kubwa ambako Martin Luther alikaa miezi kadhaa mwaka 1530. Chini mjini kuna kanisa la Mtakatifu Moriz, lenye minara miwili isiyolingana kwa urefu. Moriz ni Mauritius kwa matamshi ya Kijerumani, na Mauritius ndiye mwenye uso ule wa kwenye kifuniko.

Nembo yenyewe ni rahisi kuieleza. Ngao ya dhahabu, juu yake kichwa cheusi chenye hereni, basi. Hakuna simba, hakuna mnara, hakuna ufunguo. Wenyeji wanaiita "Mohr" wa Coburg. Neno hilo nitalirudia baadaye, maana lina mzigo wake. Kwa sasa inatosha kusema kwamba Mjerumani wa zamani alilitumia kumtaja mtu mweusi, na kwamba lina mzizi mmoja na jina Mauritius lenyewe: neno la Kilatini lililowataja watu wa Mauretania, kaskazini mwa Afrika.

Msomaji wa kwetu anayejua nembo ya taifa na bendera ya taifa huenda akashangaa kwamba mji wa watu elfu arobaini una vyote viwili. Kule ni jambo la kawaida. Bavaria peke yake ina manispaa zaidi ya 2,000, nyingine zina watu mia chache tu, na hata vijiji vina ngao zao. Zamani mji ulikuwa na muhuri. Hati isiyo na muhuri haikuaminika, na asiyejua kusoma alitambua mji kwa picha iliyokandamizwa kwenye nta. Kutoka kwenye muhuri picha ikapanda kwenye ngao, na rangi za ngao zikashonwa kuwa bendera. Ndiyo maana bendera nyingi za miji hiyo ni mistari miwili au mitatu ya rangi zile zile za nembo, njano ikisimama mahali pa dhahabu na nyeupe mahali pa fedha. Ukigusa nembo umegusa mengi: bendera, karatasi za ofisi, milango ya magari ya mji, na vifuniko vya majitaka.

Sasa tumrudie mtu mwenyewe.

Katika karne ya 5 Eucherius, askofu wa Lyon, aliandika habari za kikosi cha askari 6,600 Wakristo waliotoka Thebes, Misri ya Juu, upande wa Luxor ya leo. Kiongozi wao alikuwa Mauritius. Mwishoni mwa karne ya 3 Kaisari Maximian aliwapeleka kaskazini ng'ambo ya Alpi, na walipofika mahali palipoitwa Agaunum wakaamriwa kuwaandama Wakristo wenzao. Wakakataa. Ikatolewa amri mmoja katika kila kumi auawe. Waliobaki wakakataa tena. Mwisho wakauawa wote, na hawakuinua silaha kujitetea ingawa walikuwa nazo. Mahali hapo sasa ni Saint-Maurice, Uswisi, na abasia iliyoanzishwa hapo mwaka 515 ipo hadi leo. Wanahistoria wana shaka kubwa kama kikosi kizima kiliangamizwa namna hiyo, lakini kwa kisa chetu kilicho muhimu ni kwamba Ulaya nzima ya zamani iliamini, na ikamheshimu Mwafrika huyo kwa sababu alikuwa mwanajeshi aliyesema hapana.

Heshima hiyo ilipanda hadi juu kabisa. Mfalme Otto I alianzisha monasteri ya Mtakatifu Mauritius mjini Magdeburg mwaka 937, akaleta masalia yake huko, na Mauritius akawa mlinzi wa dola. Upanga ulioitwa kwa jina lake ulibebwa katika kutawazwa kwa wafalme wa Ujerumani. Hata hivyo katika miaka hiyo yote wasanii walimchora mweupe kama wao.

Kisha likatokea jambo ambalo nadhani ndilo moyo wa kisa hiki. Kanisa kuu la Magdeburg liliungua mwaka 1207, likajengwa jingine, na kati ya mwaka 1240 na 1250 hivi mchongaji ambaye jina lake halikubaki alichonga sanamu ya Mauritius kwa jiwe la mchanga na kuipaka rangi. Alimchonga Mwafrika. Amevaa vazi la minyororo ya chuma lililofunika kichwa na shingo, na katikati ya chuma hicho umeachwa uso: pua pana, midomo kamili, mashavu yenye mifupa, macho yaliyotulia ya mtu anayesikiliza kabla ya kujibu. Miguu imevunjika, mkuki aliokuwa ameushika umepotea, lakini uso upo. Ni sanamu ya kwanza inayojulikana katika sanaa ya Ulaya ya zama hizo kumwonyesha mtu mweusi kama mtu, kwa uangalifu wa sura. Yeyote aliyeichonga alikuwa amemtazama Mwafrika halisi, au alifundishwa na aliyemtazama. Hakuna kilichotiwa chumvi pale. Ukipita Manzese au Mathare utakutana na uso huo ukisubiri daladala au matatu.

Tangu hapo Mauritius mweusi akaenea katika nchi za Kijerumani. Karibu miaka mia tatu baadaye Matthias Grünewald alimchora akiwa amevaa deraya inayong'aa, anazungumza na askofu Erasmus ana kwa ana kama mtu na mwenzake. Mchoro huo uko München, na ni miongoni mwa kazi ambazo ningependa kila kijana wetu anayepita mji huo aingie kuiona. Jina lake lilisafiri pia. Kisiwa cha Morisi tunachokijua katika Bahari ya Hindi kiliitwa hivyo na Waholanzi mwaka 1598 kwa heshima ya kiongozi wao aliyeitwa Maurits, na jina la kiongozi huyo ni jina la mtakatifu yule yule.

Coburg walimchukua Mauritius awe mlinzi wa kanisa lao kuu, na kutoka kanisani akaingia kwenye nembo ya mji. Hapa kuna jambo linalopitwa haraka na wengi wanaosimulia kisa hiki. Coburg ilikuwa miongoni mwa miji ya mwanzo kufuata mageuzi ya Luther, na Walutheri waliacha kuwaomba watakatifu. Mji huu basi ulikuwa na kila sababu ya kidini ya kumwondoa Mauritius. Haukumwondoa. Aliacha kuwa wa kuombwa akabaki kuwa wa mji, kama babu ambaye wajukuu wamebadili dini lakini picha yake haishuki ukutani. Juu ya paa la ukumbi wa mji amesimama hadi leo, ameshika fimbo ya amri, na wenyeji wamempachika jina linalotokana na soseji, wakidai kwamba fimbo yake ndiyo kipimo cha urefu wa soseji za Coburg, zile zinazochomwa kwa moto wa koni za misonobari. Naona upendo katika utani huo, ila pia naona jinsi mtu anavyopungua taratibu: kwanza shahidi, kisha kichwa, kisha kipimo cha soseji.

Karne ya 20 ilipofika, mji huu mdogo ulijitosa kwa Hitler mapema kuliko karibu mji wowote wa Ujerumani. Oktoba 1922 alifika kwa treni ya pekee akiwa na mamia ya wanamgambo wake, wakapigana mitaani na wafanyakazi waliowapinga, na baadaye chama kikageuza siku hizo kuwa hadithi ya ushujaa. Mwaka 1929 Coburg ukawa mji wa kwanza wa Ujerumani ambamo Wanazi walipata wingi wa viti katika baraza, 13 kati ya 25. Januari 1931 bendera yao ikapandishwa kwenye ukumbi wa mji, miaka miwili kamili kabla Hitler hajashika serikali ya nchi. Mwaka 1932 mji ukampa uraia wa heshima.

Lakini juu ya mlango wa ukumbi huo huo, kwenye muhuri wa barua hizo hizo, palikuwa na mtu mweusi. Mji uliojigamba kuwa wa kwanza katika siasa ya damu na rangi ulikuwa unatambulishwa duniani na uso wa Mwafrika. Halikuweza kuvumilika kwao. Mwaka 1934 Mauritius akafutwa. Ngao mpya ilikatwa katikati, nusu nyeusi nusu dhahabu, ukawekwa upanga wima, na kwenye kichwa cha mpini wa upanga ikachorwa swastika. Rangi zilibaki zile zile. Aliyeondoka alikuwa mtu.

Nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilisimama kidogo. Mauritius wa simulizi aliuawa na utawala uliomwamuru kuwaandama watu wa imani yake naye akakataa. Huko Coburg akaondolewa na utawala uliokuwa unajiandaa kuwaandama majirani wa mji huo huo, na wengi waliobaki mjini hawakukataa. Sihitaji kuongeza chochote juu ya hilo.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 upanga ukashushwa na Mauritius akarudi kwenye ngao. Amekuwepo tangu hapo.

Mwaka 2020, baada ya Mmarekani mweusi George Floyd kuuawa na polisi huko Marekani mwezi Mei, mjadala wa alama na majina uliingia Ujerumani kwa kishindo. Likaanzishwa ombi mtandaoni likitaka Coburg iondoe kichwa kile, kwa hoja kwamba ni picha ya kibaguzi inayomwonyesha Mwafrika kwa midomo minene na hereni kama alivyochorwa enzi za ukoloni. Wengine wakaanzisha ombi la kukitetea. Mji ukajibu kwamba huyo ni mtakatifu mlinzi wao, kwamba yupo hapo kwa heshima, na kwamba waliomwondoa mara ya mwisho walikuwa Wanazi. Nembo ikabaki.

Nimesoma hoja za pande zote mbili na naona kila upande umeshika nusu.

Wapingaji walikosea wakati. Mauritius hakuletwa Coburg na ukoloni. Ukoloni wa Kijerumani katika Afrika ulianza mwaka 1884, na sisi wa pwani hii tukaingizwa mwaka uliofuata. Mtu wa Magdeburg alikwisha kusimama kanisani zaidi ya miaka 600 kabla ya hapo. Kuna hata ushahidi wa kinyume, na sijauona ukitajwa katika mabishano hayo. Mwaka 1914 Wilhelm Solf, waziri wa makoloni wa Ujerumani, alisimamia uchoraji wa nembo na bendera kwa ajili ya makoloni, ambazo vita vilizizuia zisitumike. Kwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani Tanganyika pamoja na Rwanda na Burundi, kilichorwa kichwa cha simba. Kamerun ilipewa tembo. Togo mti na nyoka. Wakoloni walipotuchorea ngao hawakuweka mtu hata mmoja, waliweka wanyama na mti. Yule Mwafrika wa Coburg, mwenye jina, cheo na kisa, ni wa zama nyingine kabisa za kutazamana.

Watetezi nao wamesimama kwenye hoja moja yenye nguvu na kuitaka ifanye kazi isiyoiweza. Ni kweli Wanazi walimchukia Mauritius. Hilo linathibitisha kwamba uwepo wake ulikuwa na maana. Halithibitishi kwamba kila mchoro wake ni mzuri. Ukisema mchoro huu ni heshima, mtu ana haki ya kuuliza: heshima kwa nani, na inaonekana wapi? Mchongaji wa Magdeburg alimpa Mauritius uso wake mwenyewe. Mchoraji wa ngao alimpa uso wa mtu yeyote mweusi, tena wa mtu mweusi kama anavyofikiriwa na asiyemjua: nywele, midomo, hereni. Vitu vitatu, na mtu amekwisha. Hakuna vazi la askari, hakuna mkuki, hakuna ishara ya utakatifu. Mpita njia asiye mwenyeji hawezi kujua kwamba anatazama shahidi wa Thebes. Mpwa wangu hakujua, na siwezi kumlaumu. Mchoro ambao lazima uelezwe kwa robo saa ndipo uache kuuma, umeshindwa kazi yake kama nembo, kwa kuwa nembo ilibuniwa kwa ajili ya asiyejua kusoma.

Tena macho ya leo yamepita kwenye mengi. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 Ujerumani ilijazwa vikaragosi vya watu weusi kwenye makopo ya kahawa, sabuni na chokoleti. Kampuni ya Sarotti ya Berlin ilianza mwaka 1918 kumtumia mtumishi mweusi mwenye kilemba, amebeba sinia, na watoto wa Kijerumani wakakua naye hadi mwaka 2004 alipobadilishwa kuwa mchawi wa rangi ya dhahabu. Kichwa cha Coburg na mtumishi wa chokoleti havina nasaba moja. Lakini jicho lililolelewa na kimoja hukitazama kingine kwa namna ile ile, na mkono wa mchoraji pia hujifunza kutoka kwa jicho. Kwa hiyo anayesema "mchoro wetu ni wa zamani kuliko ubaguzi" anasema kweli kuhusu wazo la Mauritius. Kuhusu mstari wa midomo ile, simwamini.

Kuhusu neno. "Mohr" kwa Mjerumani mweusi wa leo linauma, na kueleza kwamba asili yake ni Kilatini hakuliondoi uchungu. Berlin ilikuwa na mtaa wenye neno hilo. Mwaka 2020 baraza la wilaya ya Mitte liliamua mtaa huo uitwe kwa jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa pwani ya Ghana ya leo na kufundisha katika vyuo vikuu vya Halle, Wittenberg na Jena katika karne ya 18. Kesi zilichukua miaka, vibao vikabadilishwa mwaka 2025. Kwa Coburg naona suluhisho ni jepesi kuliko la Berlin, maana Berlin ilibidi watafute jina. Coburg jina wanalo. Anaitwa Mauritius. Waache kumwita kwa rangi yake, wamwite kwa jina lake, kama tunavyomwita mtu yeyote tunayemheshimu.

Hili la jina linaonekana vizuri zaidi ukienda kusini mwa Bavaria. Maaskofu wa Freising wametumia kichwa cha Mwafrika mwenye taji tangu mwaka 1316, na miji na vijiji vilivyokuwa chini yao viliurithi uso huo. Utaukuta Ismaning, karibu na München, na Mittenwald, kwenye miguu ya Alpi. Joseph Ratzinger, aliyekuwa askofu mkuu wa München na Freising tangu mwaka 1977, aliuchukua akawa nao hata kwenye nembo yake ya upapa mwaka 2005 alipoitwa Benedikto wa 16. Lakini wa Freising hajulikani ni nani. Wengine husema ni Mauritius, wengine mmoja wa mamajusi, na hakuna hati inayoamua. Yeye amebaki kichwa chenye taji. Coburg wana bahati ambayo Freising hawana: wanajua habari za mtu wao, wana kanisa lake, wana sanamu yake juu ya paa. Ndiyo maana nawadai zaidi.

Na je, wakitaka, inawezekana? Hapa sheria iko wazi na si kali. Kifungu cha 4 cha sheria ya manispaa ya Bavaria kinaziruhusu manispaa kuendelea na nembo na bendera zao za kihistoria. Zikitaka kubadili au kuchukua mpya, ni lazima zipate ushauri wa kurugenzi kuu ya nyaraka za jimbo. Zisipokubaliana na ushauri huo, mchoro unapelekwa kwa mamlaka inayosimamia manispaa. Ni utaratibu wa barua na vikao.

Isitoshe, wataalamu wa nembo wana kanuni ya zamani sana ambayo ingeisaidia Coburg. Nembo kamili ni maelezo yake ya maneno, na mchoro ni tafsiri tu ya maneno hayo. Wachoraji kumi wanaweza kuchora ngao kumi zisizofanana, na zote zikawa nembo ile ile kwa haki, mradi rangi na maumbo yaliyotajwa yapo. Kiini cha nembo ya Coburg ni kichwa cheusi cha Mauritius juu ya dhahabu. Unene wa midomo ni uamuzi wa mkono wa mchoraji fulani wa siku fulani. Mkono mwingine unaweza kuamua vingine, na mji hautakuwa umepoteza hata chembe ya historia yake.

Hukumu yangu basi ni hii. Mauritius asiondoke. Kumwondoa kungekamilisha kwa nia njema kazi iliyofanywa mwaka 1934 kwa nia mbaya, na mtoto mweusi atakayezaliwa Coburg angekuta ngao tupu na kuambiwa kwamba hakuwahi kuwepo mtu wa rangi yake mahali pa heshima. Lakini achorwe upya. Wampeleke mchoraji Magdeburg, akae mbele ya jiwe lile siku mbili tatu na penseli yake, kisha arudi na uso wa mtu. Wamrudishie vazi la chuma shingoni, ili ajulikane kuwa ni askari. Hereni sina ugomvi nayo sana, lakini kati ya hereni na deraya najua ipi ilikuwa ya Mauritius. Na kabla ya baraza kuamua, waitwe wakazi weusi wa mji, wanaolala na kuamka chini ya ngao hiyo, waseme wao wanaona nini. Katika yote niliyosoma juu ya mwaka 2020 sauti yao ndiyo niliyoisikia kidogo kuliko zote.

Hayo yote nilimweleza mpwa wangu kwa simu, mazungumzo ya saa nzima na zaidi. Alinisikiliza hadi mwisho. Akaniambia, "Mjomba, kumbe ni afande." Nikamwambia ndiyo, ni afande. Akanyamaza, halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria katika kusoma kwangu kote: hata wakimchora vizuri, bado watamweka chini ya magurudumu?

Sikuwa na la kumpinga. Kwetu huwezi kuweka sura ya mtu unayemheshimu mahali pa kukanyagwa, awe mtakatifu, awe rais, awe babu yako. Wajerumani hawalioni hivyo. Miji mingi ya kwao huweka nembo kwenye vifuniko vya majitaka, kama wanavyoiweka kwenye mabomba na vikapu vya taka, na wao huona fahari. Najua si tusi, na nimemwambia si tusi. Lakini kama mji unataka kuanza mahali, vifuniko ndivyo rahisi kuliko vyote. Havihitaji kikao cha kurugenzi ya nyaraka wala mabadiliko ya bendera. Chuma kinachakaa, kinang'olewa, kinasubuliwa kingine, na kwenye kingine unaweza kuandika jina la mji tu.

Mpwa wangu bado yuko Coburg. Ameshaingia kanisa la Moriz mara mbili, na ameahidi kwenda Magdeburg wakati wa likizo. Vifuniko anavizunguka. Akifika kwenye kimoja, hupinda mguu kidogo, akapita pembeni.